Picha kubwa za droni: usiombe pikseli zote, omba unazozihitaji tu

Jamani hii naandika kwa sababu vijana wengi hapa Unguja na Pemba siku hizi wanashughulika na picha za droni, tangu ile Zanzibar Mapping Initiative ya 2016 ilipoanza kupiga visiwa vyetu kutoka juu, wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) nao wakiwemo, na malalamiko ni yale yale, kompyuta inaganda. Wengi wanakimbilia kuongeza ramu. Mie nasema tazama kwanza programu yako inaombaje pikseli, maana mara nyingi hapo ndo penye tabu.

Chukua picha ya pikseli 40,000 kwa 40,000, rangi tatu, baiti moja kila rangi. Ikishafunguliwa ni gigabaiti 4.8, hata kama kwenye diski imebanwa ikawa ndogo. Ukiigeuza kuwa floti ya biti 32 (namba zenye desimali, baiti nne kila moja) ili upige hesabu inafika 19.2, na kila hatua ikitengeneza kopi yake basi laptop ya ramu 8 ishajifia zamani. Na pengine wewe ulikuwa unataka shehia moja tu!

Programu zilizofikiriwa vizuri, mfano libvips, maktaba ya kuchakata picha, au GEGL iliyomo ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, zinafanya kazi kuanzia mwisho. Ukipanga hatua zako, punguza, lainisha, ongeza mwanga, hakuna pikseli inayosogea bado, ni kama urojo wa Forodhani, vitu vyote vipo mezani lakini bakuli lako halichanganywi mpaka uagize. Anayeandika faili la mwisho, au skrini, ndo anaanza kusema nataka kipande hichi, basi hatua ya mwisho inamuuliza mwenzake wa nyuma, naye wa nyuma yake, mpaka ombi lifike kwenye faili. Hapo ndo pikseli zinasomwa, zile zilizoombwa tu, zinapita hatua zote, zinaandikwa, na ile memori inatumika tena kwa kipande kinachofuata. Na kwa vile vipande havigombani, kila thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya kompyuta) inachukua chake.

Kila hatua lazima ijue inahitaji nini. Kuongeza mwanga kunahitaji kipande kile kile. Kupunguza picha nusu kunahitaji mara mbili kila upande, yani ukiombwa 512 kwa 512 we unaomba 1024 kwa 1024. Kulainisha kwa nusu kipenyo cha pikseli 5 kunahitaji 5 za ziada kila ukingo, kwa hiyo 522 kwa 522. Ukiandika filta yako mwenyewe ukasahau hizo za ukingoni, utaona mistari kila vipande vinapokutana, na mistari hiyo kwenye ramani ya mikoko mtu anaweza kuidhania njia.

Ukubwa wa kipande nao una hesabu yake. Kwa filta hiyo hiyo ya kulainisha, kipande cha 512 kinasoma kama asilimia 4 zaidi ya kinachohitajika. Kipande cha 32 kinasoma 42 kwa 42, yani asilimia 72 zaidi! Kwa hiyo usikate vidogo mno ukidhani unaokoa memori. Mie kwa picha za angani nabaki 512.

Sasa faili lenyewe, na hapa ndo watu wengi wanakwama. Kijana mmoja wa Chake alinitumia skripti yake, msimbo safi kabisa, anasoma dirisha dogo dogo na bado inatambaa. Nikamwambia piga gdalinfo, amri inayoonesha faili limehifadhiwaje. Ikatoka Block=40000x1. Maana yake faili limehifadhiwa mstari kwa mstari, na limebanwa, kwa hiyo kupata dirisha la 512 kwa 512 inabidi ifunguliwe mistari 512 mizima, kama megabaiti 61, wakati alichotaka hakifiki hata megabaiti moja. Skripti hatukuigusa. Tulibadilisha faili tu, likawa COG (Cloud Optimized GeoTIFF), yani faili la picha lililohifadhiwa kwa vipande vya mraba pamoja na nakala zake ndogo:

gdal_translate -of COG shamba.tif shamba_cog.tif

Block ikawa 512x512, na mbio zikaonekana papo hapo. Kama huwezi kubadilisha faili, basi soma kwa kufuata mpangilio wake, kwenye rasterio, maktaba ya Python ya kusoma picha za ramani, block_windows inakupa madirisha yanayolingana na lilivyohifadhiwa.

Kuna hatua hazikubali vipande, mfano kutafuta pikseli yenye mwanga mkubwa kuliko zote au kusawazisha histogramu (hesabu ya pikseli ngapi zina mwanga kiasi gani), hizo lazima zione picha nzima kwanza. Usiziweke katikati ya mlolongo. Zihesabu mwanzo peke yake, na kama makadirio yanatosha tumia zile nakala ndogo zilizomo ndani ya faili la COG, kisha ile namba ipitishe kama namba ya kawaida.

Na kukata eneo unalolitaka, kuandike mapema kwenye skripti hata kama programu yako ni ya kisasa, maana si zote zinazoweza kurudisha ombi nyuma.

Faida nyengine ya COG ni kwenye intaneti. Ukiliweka faili kwenye seva inayokubali kutoa sehemu ya faili, QGIS, programu ya kutazama ramani, inaomba baiti za vile vipande vilivyo kwenye skrini tu. Mtu wa Micheweni mwenye bando la simu anafungua kijiji chake, anazumu mpaka kwenye paa la nyumba, na lile faili zima linabaki huko huko kwenye seva.