"Trusyty": kutikisa au kupekua?

Mkuu, umeuliza inakuwaje "trusyty" ya Kiukraini kamusi iseme ni kutikisa, halafu kwenye habari polisi ndio wanaoi-trusyty nyumba ya mtu. Ni kitenzi kilekile.

Maana ya msingi utaikuta bustanini: unashika tawi la mtofaa, unalitikisa mpaka matunda yapukutike. Zulia la vumbi nalo hukung'utwa kwa neno hilohilo. Kufika kwenye upekuzi si mbali, maana mtu anatikiswa mifuko hadi kilichomo kidondoke. Nomino yake, "trus", ndiyo upekuzi wenyewe. Ila chunga usiichanganye na Kirusi: huko "trus" ni mwoga, mtu wa kutetemeka, ilhali kwa Kiukraini mwoga ni "bojahuz".

Kwa asili, "trusyty" na nduguye "trjasty" wametoka shina moja la Kislavoni cha kale, lugha mama ya Kiukraini, Kirusi na Kipolandi. Irabu tu ndiyo iliyobadilika. Zamani irabu zote mbili zilitamkwa puani, na Kipolandi bado kina alama yake katika "trząść". Hata "trasati" ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yaani kutetemeka, ni ya ukoo huo.

Tetemeko la ardhi ni "zemletrus". "Zemlja" ni ardhi. Mwenye homa husema "mene trusyt", yaani kuna kitu kinamtikisa, bila kukitaja. Na "trjastsja", jina la zamani la homa ya kutetemeka kama malaria, leo ni tusi. Usilijaribu mbele ya wakwe.