Usukani wa baiskeli ya velodromu: upana gani?

SWALI: Nashindana velodromuni (uwanja wa mviringo wa mbio za baiskeli), mbio za kundi na zile za kuanza ukiwa umesimama. Usukani wangu ni wa sentimita 40, na wenzangu wanasema ni mpana mno. Nichukue upi?

JIBU: Anzia mabegani. Simama wima, mtu akupimie kwa futi kamba kutoka mfupa wa ncha ya bega moja hadi wa pili. Velodromuni wengi hushuka sentimita kadhaa chini ya kipimo hicho, maana mikono ikikaribiana kifua hupigwa na upepo kidogo.

Kabla ya kulipa, uliza namba iliyoandikwa imepimwa wapi. Watengenezaji wengi hupima kutoka katikati ya bomba la usukani upande mmoja hadi katikati ya bomba upande wa pili. UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, hupima nje hadi nje, na haikubali chini ya milimita 350. Bomba lina unene wa milimita 24 hivi, kwa hiyo usukani wa "33" hufika milimita 354. Unapita, lakini kwa chupuchupu!

Usiruke kutoka 40 hadi 34 kwa mkupuo: mkono ukisogea kidogo tu, gurudumu la mbele hugeuka sana. Shuka sentimita 2, zoea, ndipo ushuke tena. Tatizo kubwa liko kwenye kuanza ukiwa umesimama. Usukani mwembamba hukupunguzia nguvu ya kuvuta, na ukishika sehemu ya chini iliyopinda, vigasha hugonga sehemu ya juu ya usukani. Ukikuta alama nyekundu upande wa ndani wa vigasha, umepitiliza. Kwa mchanganyiko wako, tungejaribu 36 kwanza.