Mjukuu wangu ndiye mama wa nyumba

SWALI: Mwanangu anabwia unga. Mkewe ameshaondoka, nami natoka alfajiri kuuza vitumbua. Mjukuu wangu wa miaka 9 ndiye anayempikia uji na kumwogesha mdogo wake, na baba akishikwa na arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, humpelekea ndoo ya kutapikia. Halii, hasumbui, namshukuru Mungu. Ila mwalimu analalamika kwamba anasinzia darasani. Mimi humwambia baba ana malaria. Nakosea?
Bibi wa Tandika

JIBU: Shikamoo mama. Malaria ya kila wiki mjukuu wako haiamini tena. Anajua, na anajua peke yake. Mtoto asipoambiwa hujitafutia sababu, na mara nyingi hujibebesha mwenyewe: nilimuudhi baba, ndiyo maana akaenda kijiweni. Mwambie, bila kunong'ona: “Baba ana ugonjwa wa unga. Hukuuleta wewe, na kumponya si kazi yako.”

Huo utulivu unaoushukuru ndio unaonitia wasiwasi. Muulize usiku anafanya nini. Watoto wengi wa mateja hulala mang'amung'amu, wakisikilizia mlango, au kama baba bado anapumua. Mwili uliokesha kwa hofu haushiki hesabu asubuhi. Mwalimu aelezwe, hata kwa maneno mawili, asije akamchapa kwa uvivu asiokuwa nao. Binti alale chumbani kwako. Uji wa asubuhi mtafutie jirani, hata umlipe kwa vitumbua. Ndoo ya baba asiiguse, na sindano ndiyo kabisa. Jioni aende kucheza rede na wenzake, arudi na vumbi.

Baba naye ana pa kwenda. Kliniki ya methadoni, dawa inayopewa watu wa unga badala ya unga wenyewe, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na baadaye ikafika hospitali ya Temeke, hapo karibu nawe. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, arosto ikatulia, mtu akaweza kufanya kazi. Ni safari ya miezi na miaka. (Majirani watasema kabadilisha unga tu, waache.) Akiruhusiwa kubeba dozi nyumbani, ifungiwe kwa kufuli: kiasi cha mtu mzima kinaweza kumuua yule mdogo.

Akianza kuwapiga, au akimtuma binti kijiweni, usingoje kikao cha ukoo. Piga 116, simu ya watoto, haikatwi salio.