Jibu: Bima ya uzeeni hufuata kazi aliyoifanya mtu ujanani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwenzetu ameuliza kwa nini huko Marekani wazee weupe huwa na bima binafsi ya afya zaidi kuliko wazee weusi, ilhali wote wana Medicare, yaani bima ya afya ya Serikali kwa wazee, na kama Zanzibar tunayo tofauti ya namna hiyo. Nitajibu kwa niliyoyasoma, na kwa niliyoyaona nilipokuwa nikishughulikia bima ya bimkubwa wangu, yaani mama yangu, aliyeko Pemba na ya ami yangu, mwalimu mstaafu wa skuli ya Serikali.

Medicare ilipitishwa 1965 na humpokea aliyetimiza miaka 65, lakini hailipi kila kitu. Kwa huduma nyingi za daktari, mgonjwa hutoa kwanza kiwango cha mwaka, kisha hubakiwa na asilimia 20 ya gharama bila ya kikomo. Pengo hilo huzibwa na bima binafsi ya nyongeza, ambayo mzee huinunua mwenyewe au huipata kwa mwajiri wake wa zamani, na hapo ndipo rangi inapoingia. Bima za kazini zilienea huko wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale mishahara ilipozuiwa kupanda na waajiri wakaanza kuvutia watu kwa mafao. Nayo sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 ilikuwa imekwisha kuwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, kazi ambazo weusi wengi ndizo walizokuwa nazo. Aliyefungiwa kazi zenye mafao ujanani hufika uzeeni hana bima ya mwajiri wala akiba ya kununulia yake, na wengi wa watu hao hutegemea Medicaid, mpango wa wenye kipato kidogo. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na mchangiaji aliyesema kuwa ni suala la watu kutopenda bima.

Kwetu ninachokiona kinawatenganisha wazee ni karatasi ya mshahara. Bimkubwa amelima mwani kwa sehemu kubwa ya umri wake. Nilipompeleka kwa wakala wa kampuni moja ya bima, fomu iliuliza jina la mwajiri kabla ya kuuliza lolote kuhusu afya. Bimkubwa akaniambia niandike mkulima wa mwani. Wakala akalikata neno hilo kwa kalamu, akaandika "hana kazi". Kisha tukaelezwa kuwa presha na sukari, kwa kuwa alikuwa nazo kabla, hazitalipiwa, na kwamba ada yake, kwa umri wake, itakuwa mara kadhaa ya ile ya kijana.

Ami yangu ni wa umri huohuo na ana presha vilevile. Yeye aliingizwa kama mtegemezi katika bima ya kazini kwa mwanawe, wala hakuna aliyemuuliza maradhi, kwa sababu bima ya kundi hutandaza gharama za wagonjwa wachache juu ya michango ya wengi, na mwajiri hubeba sehemu yake. Mimi ninajiajiri, basi mama yangu hana kundi la kuingia.

Najua wapo watakaosema kwamba matibabu katika hospitali za Serikali yalitangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Ni kweli, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini dawa inapokosekana hospitalini, familia huinunua dukani, na mgonjwa wa Pemba anayepewa rufaa ya Unguja hulipa nauli ya boti, yake na ya anayemsindikiza.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima ya afya ya Serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya 2023, ulianza na watumishi wa umma, yaani wale wale wenye karatasi ya mshahara. Pensheni Jamii, malipo ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee yaliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ilifanya kinyume chake: ilitazama umri wa miaka 70 na ukaazi, bila ya kujali kama mzee alikuwa karani au mvuvi. Daftari la wazee hao lipo tayari, na kwa maoni yangu Mfuko ungewaingiza kwa daftari hilohilo, mchango wao ukalipwa na Serikali, bila ya mtu kuulizwa mwajiri wala presha.