Msumeno wa Meza na Waya Unaopata Moto

SWALI: Mhariri, shikamoo. Karakana yangu iko Langoni, Lamu. Msumeno wa meza wenye mota ya nguvu farasi 3 naupatia umeme kwa ekstensheni ya mita 20 kutoka sebuleni. Waya hupata moto na fyuzi ya plagi imeungua mara mbili. Je, nifunge kipande cha waya mahali pa fyuzi?

JIBU: Marahaba, fundi. Tafadhali usifanye hivyo kabisa, kwa kuwa fyuzi hiyo ndiyo inayouzuia waya wako kuwaka, na nyumba za Langoni zimebanana mno.

Mota ya ukubwa huo, kwa volti 240, huvuta takriban ampea 13 hadi 15 inapokata mbao, na wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa zaidi, ilhali plagi ya kawaida mwisho wake ni ampea 13. Ekstensheni ndefu na nyembamba hupunguza volti, mota ikapata joto.

Mwite fundi wa umeme mwenye leseni akutolee laini ya pekee kutoka kwenye boksi la breka, yenye breka yake, waya wa ardhi na kinga ya miliampea 30 dhidi ya umeme unaovuja. Unene wa waya aukadirie kwa urefu wa njia. Mara nyingi ni milimita 4 za mraba. Swichi iwe ya aina isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi, maana hapo ndipo vidole hupotea. Viungio vikaguliwe mara kwa mara, kwani hewa ya chumvi huvila.