Unene baada ya kukoma hedhi: ni homoni, ni umri, au ni mwaka wa kuzaliwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi kliniki ya presha na sukari, Morogoro. Akina mama wa miaka 55 hadi 65 tunaowapokea siku hizi ni wanene kuliko wa zamani, na wengi husema, "Ni tangu nikome hedhi." Nataka kuandika ripoti, lakini takwimu za taifa ninazoziona zinaishia miaka 49. Nifanyeje? Na je, kweli ni hedhi?

JIBU: Marahaba. Umegusa pengo linaloniuma. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto huhoji na kupima wanawake wa miaka 15 hadi 49, kwa hiyo tunamwacha mama palepale mwili wake unapoanza kubadilika. Hata hivyo usiutupe. Mwaka 2004/05 wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18; mwaka 2010 asilimia 22; mwaka 2015/16 asilimia 28; na mwaka 2022 asilimia 36. Sasa fuata mwaka wa kuzaliwa: aliyekuwa na miaka 45 mwaka 2010 alifikisha 60 mwaka 2025. Wengi wa kizazi hiki wamefika ukomo wa hedhi wakiwa tayari wazito kuliko mama zao walivyofika. Sehemu kubwa ya unachokiona iko hapo.

Na homoni? Utafiti wa SWAN wa Marekani, unaochunguza afya ya wanawake wanapopita ukomo wa hedhi, umewafuatilia wanawake tangu 1996, walipokuwa na miaka 42 hadi 52. Kilo zilipanda polepole kadiri umri ulivyosogea, hedhi ikome isikome. Kilichobadilika ni mgawanyo: kipindi cha kuelekea ukomo, kasi ya kuongezeka mafuta iliongezeka karibu maradufu na misuli ikapungua, hadi kama miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, ndipo hali ikatulia. Mama anapokwambia sketi haifungi kiunoni ilhali mzani unasoma kilo zilezile, mwamini.

Kwa hiyo BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, peke yake itakudanganya. Misuli iliyopotea huficha mafuta. Urefu uliopungua kwa uzee nao huipandisha BMI bila kilo hata moja kuongezeka. Mpime urefu upya, usinakili wa kwenye kadi ya zamani. Kisha chukua futi ya fundi cherehani, izungushe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi na si juu ya kanga, asome mtu mmoja mama akishatoa pumzi. Kuanzia sentimita 88, andika hatari kubwa.

Muulize pia hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Ukomo huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Panga majedwali kwa umri na kwa mwaka wa kuzaliwa, vyote viwili.

Jambo moja nakusihi: usiandike kwamba hiyo ndiyo hali ya wanawake wa Morogoro. Wanaokuja kwako wana presha na sukari tayari. Kwa kulinganisha na jamii, anza na utafiti wa STEPS wa 2012, ule wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofika hadi miaka 64.