Zamu ya muuguzi inaishia saa ngapi?

Wiki hii mmeuliza: mgonjwa akiruhusiwa hospitali, auguzwe na ndugu au na muuguzi wa kulipwa? Swali limenigusa, kwa sababu hapa Dar es Salaam familia nyingi hazichagui. Wodi inahitaji kitanda, watoto wako kazini na foleni inawala asubuhi na jioni. Mzee wa kiharusi anarudishwa nyumbani na mpira wa mkojo, mpira wa kulishia puani na karatasi ya dawa, na siku hiyohiyo simu za kutafuta muuguzi zinaanza. Jiji lilivuka watu milioni 5.3 kwenye sensa ya 2022; wauguzi wa majumbani wataendelea kutafutwa tu.

Jibu langu la haraka ni muuguzi. Mapenzi hayamwambii mtu kwamba uji usiochujwa vizuri unaziba mpira, wala kwamba kila baada ya kulisha unasukuma maji safi kama mililita 30. Hayamwambii pia kwamba mfuko wa mkojo haupandishwi juu ya kibofu, hata wakati wa kumhamishia kwenye kiti.

Lakini kuna nyumba moja Tabata inayofanya jibu hilo lisikae sawa. Muuguzi alikuwa na leseni na kazi yake ilikuwa safi. Aliingia saa moja asubuhi, akatoka saa moja jioni, na daftari lake lilionyesha mgonjwa amegeuzwa kila baada ya saa mbili. Usiku mkwe alimgeuza saa nne akaenda kulala, na mzee akabaki chali hadi alfajiri. Baada ya siku chache, wakati wa kumwogesha, pakaonekana baka mwishoni mwa uti wa mgongo. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Unatafuta mahali palipokolea rangi kuliko pembeni, pana joto, pagumu au palipolegea ukigusa. Hapo nyama ya ndani huenda imeshaanza kuumia, ingawa ngozi haijachanika.

Nyumba nzima ikahangaika kwa nia njema. Wakanunua mpira wa duara wa kukalia: unabana damu kuzunguka kidonda. Wakasugua baka kwa spiriti: inakausha ngozi, na kule kusugua kunaumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Wakajaza glavu maji na kuziweka chini ya visigino: uzito wote unabaki kwenye kijisehemu kimoja. Tena, kwa kuwa mlishwaji wa mpira lazima kichwa chake kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 na kibaki hivyo karibu saa nzima baada ya kula, mwili ulikuwa ukiteleza kuelekea miguuni na ngozi ya makalio ikinasa kwenye shuka na kuvutwa upande wa pili. Dawa yake ni kuinua magoti kwanza, ndipo kichwa. Hakuna aliyewaambia. Ngozi ikafunguka.

Kilichookoa hali ni ratiba ya usiku iliyobandikwa ukutani: saa nne mkwe, saa sita mtoto wa kiume, saa nane dada wa kazi, saa kumi mkwe tena. Muuguzi aliwafundisha watu wawili wawili: shuka likunjwe liwe pana kutoka mabegani hadi mapajani, mgonjwa anyanyuliwe nalo, asiburutwe. Alazwe ubavu nusunusu, nyuzi 30, mto mgongoni, mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vielee. Godoro la upepo lilikuja baadaye. Linasaidia, ila halimgeuzi mtu. Kidonda kilichukua miezi kufunga.

Kwa hiyo, nikiandika haya, naona naelekea kwa ndugu. Wenye umri wanawakumbuka wahudumu wa majumbani wa miaka ya UKIMWI: walipita, wakaonyesha kazi, wakaacha nyumba inajua. Muuguzi anayekuja mara mbili kwa wiki, akamwacha mkwe anajua kugeuza na kukagua ngozi, anaweza kuwa na faida kuliko wa kila siku anayeondoka jioni na ujuzi wake. Dada wa kazi asibebeshwe usiku mzima peke yake. Hiyo nayo ni zamu, na ilipwe.

Yapo yasiyo ya ndugu: kuingiza mpira wa puani, kubadilisha mpira wa mkojo, sindano za mshipani, kidonda chenye nyama nyeusi au harufu. Hapo dai leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, maana sare nyeupe kila mtu anaweza kushona. Na kama nyumba ina mtu mmoja tu, mama mzee anayemuuguza mzee mwenzake, sahau yote niliyosema juu ya ndugu: tafuteni muuguzi, na anzeni na zamu ya usiku.